Usiiache programu yako ya C ikimsubiri karani aliyeondoka

Juzi kijana mmoja wa Buzuruga kaniandikia: "Kaka, nimeweka alarm, muda unaisha, fanksheni yangu inaitwa, lakini fgets bado imekaa inasubiri. Nifanyeje?" Alarm ni kengele ya muda ndani ya programu, na fgets ni fanksheni ya C inayosoma mstari anaoandika mtu. Swali hilohilo ndilo lililonipa heshima pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa Mwanza.

Tajiri mmoja wa dagaa alitaka programu ya kuandikia uzito wa magunia. Karani akiitwa pembeni, skrini inabaki kwenye jina la mteja, na anayefuata anaingiza mzigo wake kwa jina la mwenzake. Tajiri akataka zikipita sekunde 30 kimya, programu ijifunge. Kabla ya kunipa kazi aliniambia usoni, mbele ya makuli, kwamba mambo hayo yanahitaji mtu wa Dar. Kauli ile bado inaniuma. Programu yangu sasa inatumika kila siku.

Ukiita alarm(30), keneli (kiini cha mfumo endeshi) itakutumia ishara iitwayo SIGALRM sekunde 30 zikiisha. Usipoiandalia fanksheni ya kuipokea, programu inakufa papo hapo. Wengi huipokea kwa signal(), na kwenye Linux mtego uko hapo: signal() ya glibc (maktaba ya C ya Linux) kwa kawaida huweka SA_RESTART, alama ya kuanzisha upya kilichokatizwa, kwa hiyo fanksheni yako ikimaliza, read(), ambayo fgets huitumia kusoma, inaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Badala yake tumia sigaction(), sa_flags (sehemu ya kuweka alama hizo) iwe 0. Sasa read() itakatika, irudishe -1, na errno (namba ya kosa) iwe EINTR, yaani imekatizwa na ishara. Fgets nayo itakupa NULL.

Ndani ya fanksheni hiyo usiite printf, maana inaweza kuikuta printf nyingine katikati ya kazi. Badilisha tu kigeu cha aina ya volatile sig_atomic_t (aina iliyo salama kubadilishwa hapo), utoke. Karani akijibu mapema, ita alarm(0). Ukiita alarm ya pili, ya kwanza imefutwa. Mchakato mmoja (programu moja inayoendeshwa) una alarm moja tu.

Wadogo zangu wa Mwanza, acheni kunakili kodi za programu msizozielewa. Fungueni man 7 signal (mwongozo wa Linux kuhusu ishara), someni mpaka mwisho, hata kama inachosha. Anayewadharau hatashindwa na maneno yenu, atashindwa na programu inayofanya kazi.

Njia hii ya alarm bado ina tundu: kengele ikilia kabla read() haijaanza, utasubiri tena bila kikomo. Kwa kazi mpya mimi hutumia poll(): unaipa muda kwa milisekunde, ikirudisha 0 ujue hakuna aliyeandika.