Kwa wanaoanza kiropraktiki: jifunzeni miili yote

Mgonjwa wa kwanza wa kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kurekebisha uti wa mgongo kwa mikono, alikuwa Mmarekani Mweusi. Harvey Lillard alikuwa mfanyausafi wa jengo huko Davenport, Iowa, pale D. D. Palmer, mwanzilishi wa tiba hiyo, alipomtibu mgongo mwaka 1895. Shule ya Palmer baadaye ilikaa miongo kadhaa bila kupokea wanafunzi Weusi. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini ubaguzi unaoweza kubaki umejificha kwenye mazoea ya darasani na vifaa vya kliniki, na huko ndiko mwanafunzi mpya ana nguvu ya kuurekebisha.

Anza na zoezi la kupapasa uti wa mgongo. Wanafunzi hupapasana wao kwa wao, na marafiki wakishajipanga wawili wawili hawaachani hadi muhula uishe. Matokeo yake mtu anahitimu akiujua mwili mmoja tu. Badilisheni wenza kila kipindi: mrefu, mfupi, mnene, mwembamba. Kwa mfano, tunafundishwa kwamba mstari unaounganisha kingo za juu za mifupa ya nyonga unapita usawa wa pingili ya L4, yaani ya nne ya kiunoni. Kwenye picha ya eksirei ni kweli, ila kwa vidole mstari huo huwa juu zaidi, hasa kwa mtu mnene, kwa kuwa nyama na mafuta hukaa kati ya kidole na mfupa. Asiyelijua hilo atasukuma pingili isiyo yake.

Zoezi hilo hilo linahitaji watu wavue nguo za juu. Mwalimu asiulize mbele ya darasa nani ana pingamizi. Wapo watakaonyamaza kwa aibu. Aulize kwa maandishi kabla ya wiki ya kwanza. Anayevaa hijabu, au aliyewahi kudhulumiwa kimwili, apewe mwenza wa jinsia anayotaka na gauni linalofunguka mgongoni tu, bila kupunguziwa alama hata moja.

Wanafunzi wafupi huambiwa hawana nguvu. Mara nyingi kosa ni la meza. Ikiwa juu mno, mtu anasukuma kwa mabega na viganja badala ya uzito wa mwili, na ataumia yeye kabla ya mgonjwa kupona. Ishushe kwanza, ndipo umpime mwanafunzi. Meza inayoshuka hadi karibu sentimita 45 humfaa pia mgonjwa wa kiti cha magurudumu, ambaye anaweza kujihamisha mwenyewe bila kubebwa.

Kwenye uchunguzi, msitegemee wekundu wa ngozi kutafuta uvimbe au mchubuko. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Linganisheni joto kwa mgongo wa mkono, ugumu wa nyama na maumivu, upande kwa upande. Kipimo cha presha nacho kina saizi. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima ni wa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34. Ukiufunga kwenye mkono wa sentimita 40, presha itasomeka juu kuliko ilivyo, na mtu atapewa rufaa asiyoihitaji. Wekeni mkanda mkubwa chumba kile kile, maana ukiwa stoo hakuna atakayeufuata.

Lugha ndiyo yenye hatari kubwa. Iowa ina wakimbizi wengi kutoka Kongo. Wengi wao huongea Kiswahili, lakini si wote, kwa hiyo ulizeni lugha, msikisie kwa nchi. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani. Kabla ya kuzungusha shingo lazima mgonjwa aelezwe kwamba kuna hatari, japo ni nadra, ya mshipa kuchanika na kuleta kiharusi, na mtoto anaweza kuiruka sentensi hiyo ili asimtishe mama yake. Tumieni mkalimani aliyefunzwa, hata kwa simu. Mtazameni mgonjwa, semeni sentensi moja moja. Kisha mwombeni aeleze kwa maneno yake kitakachofanyika shingoni, na kwamba ana haki ya kukataa. Asipoweza kueleza, shingo isiguswe siku hiyo.