Injinia wa vyuma aliyeishia kuongoza Goa

SWALI: Mhariri habari za kazi, mimi nasoma uinjinia mwaka wa tatu na siasa naipenda kweli, washkaji wananicheka eti nitapoteza digrii bure. Kuna injinia aliyefika mbali kwenye siasa huko India?

JIBU: Wapo wengi tu ila mcheki Manohar Parrikar wa Goa, kale kajimbo kadogo ka pwani walikotoka Wagoa wetu wa Zanzibar na Mombasa. Jamaa alisoma uinjinia wa metali pale IIT Bombay (IIT ni vyuo vikuu vya teknolojia vya India) akamaliza 1978, 1994 akaingia bunge la jimbo kupitia jimbo la uchaguzi la Panaji kwa tiketi ya chama cha BJP, na 2000 akawa waziri kiongozi (hiki cheo Wazanzibari mnakijua), wa kwanza kutoka vyuo vya IIT kuongoza jimbo India. Akaapishwa tena 2002, halafu 2012, halafu 2017, na hapo katikati akaitwa Delhi 2014 kuwa waziri wa ulinzi akaenda akarudi. Suti hakuzitaka, yeye shati la mikono mifupi na sandozi basi. Mwishoni akapata kansa ya kongosho, Januari 2019 akasoma bajeti ya jimbo akiwa na mpira wa hospitali puani, Machi 17 akafariki akiwa bado madarakani.

Lakini cheki vizuri hiyo miaka, kati ya digrii na ubunge ni 16. Kwahiyo we maliza kwanza mwaka wa nne bwana.