Jibu: Nguvu na mamlaka, nianzie wapi?
Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwafafanulieje wanafunzi tofauti ya nguvu na mamlaka. Mimi sianzi na fasili. Nawapeleka Berlin, usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, kwenye kizuizi cha Bornholmer Straße, kivuko cha mpakani kwenye Ukuta uliotenganisha Berlin Mashariki na Magharibi. Walinzi wana bunduki, umati unazidi kufurika, na wakubwa wanaopigiwa simu hawatoi amri inayoeleweka. Yapata saa tano na nusu geti linafunguliwa. Nawauliza: bunduki zilikuwepo, sasa kilikosekana nini? Hapo waache wabishane, hata kipindi kikiisha. Kisha Gandhi, 1930, akiokota chumvi Dandi, pwani ya India, kinyume cha sheria ya watawala Waingereza, bila cheo chochote serikalini. Ujerumani ya 1933 iache mwisho. Hitler aliteuliwa kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa utaratibu wa kikatiba, na hilo huwachanganya sana.