Anza na chochote, ila cha 1975 kiache mwisho

Dada, umeuliza kama riwaya za mpelelezi Poirot, zile za kusomewa kwa sauti, zinasikilizika kwenye basi la Iringa–Mbeya, na uanze na ipi. Zinasikilizika sana! Anza na yoyote, maana kila kesi inaishia humohumo. Mwandishi Agatha Christie alimleta mpelelezi huyu mwaka 1920, na kitabu cha kesi yake ya mwisho kikatoka 1975. Hicho cha 1975 tu ndicho usikiguse mapema, nakusihi.

Shida ya kusikiliza ni majina. Kwenye karatasi ungefunua nyuma ukamwona tena yule daktari wa sura ya pili, sikioni ameshapita. Mimi huandika washukiwa kwenye kidaftari kabla basi halijafika Mafinga: jina, kazi, alikuwa wapi usiku ule. Nikisinzia karibu na Makambako (na baridi ile unasinzia kweli) narudisha nyuma dakika 10 nzima, kwa sababu Christie hupenda kuficha kidokezo kwenye mazungumzo ya kawaida ya chai. Usiongeze kasi ya msomaji. Pakua kitabu chote ukiwa nyumbani, mtandao hukatika njiani. Na sikio moja liache wazi, usije ukapitilizwa Uyole.