Ukitaka vampaya wa kuchekesha, kwanza mfundishe kusema shikamoo

Kila nikikaa na madogo wa form one mpaka form four kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Tanga nikawauliza mnataka simulizi ya nini, jibu halichelewi: vampaya. Sio mapenzi, sio mpelelezi, vampaya, na awe anachekesha bana, maana wale wa kutisha wameshawamaliza kwenye muvi zilizotafsiriwa na madj. Basi nimekuwa nawaandikia za aina hiyo muda sasa, nyingine zimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka zimenirudia mwenyewe zikiwa na jina la mtu mwingine (hilo ndo gonjwa letu tunaoandikia kwenye simu, tuliache), na kwa kuwasomea ana kwa ana nimejua wapi wanacheka na wapi wanachomoa simu wanaanza kuskroli. Mnaotaka kujaribu na nyie, chukueni haya.

Kubwa kuliko yote, utamu wote wa vampaya uko kwenye masharti yake. Huyu kiumbe ana masharti kibao, ni kama mgonjwa wa kisukari kwenye sherehe ya harusi, kila sinia likipita analiangalia mara mbili. Haingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Kitunguu saumu hakigusi. Kwenye kioo haonekani. Jua linammaliza. Na kwenye ngano za zamani za Ulaya ya Mashariki ukimmwagia mbegu njiani, mtama au kitu kama hicho, hapiti mpaka azihesabu punje moja moja. Sasa wewe chukua masharti hayo uyaheshimu, usiyalegeze hata kidogo, afu mshushe huyo jamaa Bagamoyo au Tandale au Ngamiani uone kama utahangaika kutafuta vichekesho.

Mfano hilo la kukaribishwa. Ulaya vampaya anapata tabu kweli, anakaa mlangoni anabembeleza, mwenye nyumba anachungulia dirishani anasita. Kwetu je? Anasema hodi mara moja tu, mama yuko jikoni hata hajageuka anaitikia "karibuuu, pita ndani, mlango uko wazi". Kwisha. Sharti ambalo limewalinda wazungu kwenye hadithi miaka yote hiyo kwetu halichukui hata sekunde tatu. Mwandishi mvivu ataishia hapo, ni kichekesho kizuri lakini kimoja. Usiishie hapo, jiulize mgeni akishaingia nini kinafuata. Kinafuata kula! Na siku hiyo wamepika pilau, lina vitunguu saumu vilivyotwangwa na tangawizi, na kukataa chakula cha watu ni kuwadharau, na huyu kijana amekonda, kapauka midomo, kila mama akimwangalia anamuonea huruma anamuongezea upawa mwingine. Kula baba, mbona huli, au sijui kupika? Hapo una ukurasa mzima, sharti moja limegongana na adabu yetu, afu likagongana na sharti jingine, na hujamtania mtu yeyote.

Wangu mimi nimemwita Sefu. Kazaliwa Bagamoyo 1876, kang'atwa 1891 akiwa na miaka 15, mwaka uleule Wajerumani walipohamisha makao makuu yao kwenda Dar es Salaam, na aliyemng'ata ni karani mmoja wa Kijerumani ambaye wenzie wote walikuja na masanduku yeye kaja na jeneza. Kwa hiyo Sefu ana karibu miaka 150 lakini sura ni ya form two. Na hapa ndo nilipopata mgodi, shikamoo. Nani anamwamkia nani? Anapanga chumba kwa Bi Mwanaidi, bibi wa miaka 72, ambaye babu yake Bi Mwanaidi alikuwa anamwita Sefu kaka. Lakini Sefu hawezi kulisema hilo, kila jioni akiamka lazima atoke akapige shikamoo kwa mtoto wa juzi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Mbona umekonda hivyo, mama yako yuko wapi?"

"Alishafariki bibi."

"Pole sana baba. Lini?"

"Mwaka elfu moja mia tisa na nne."

"Eti?"

"Elfu mbili na nne bibi, ulimi umeteleza."

Madogo hapo wanapasuka, na ukiangalia hakuna damu, hakuna jino, ni maamkizi tu. Kuna binti mmoja alinibana kabisa kwamba sehemu inayofuata Sefu lazima apewe shikamoo yake hata mara moja, haiwezekani mtu akae zaidi ya karne anatoa tu hapokei. Nikampa. Mtoto wa chekechea, umeme umekatika, giza, kasikia tu sauti ya kizee akaamkia "chikamoo babu", Sefu akalia machozi akampa hela yote ya kodi. Kodi yenyewe ikaleta balaa sehemu mbili nzima.

Lile la mbegu wengi hawalijui ndo maana nalipigia debe. Bi Mwanaidi siku hiyo kaacha ungo wa mchele barazani anataka kuuchagua asubuhi, Sefu anatoka zake usiku anaukuta, miguu inagoma. Anakaa chini anahesabu, chuya huku, mawe kule, mpaka adhana ya alfajiri inamkuta hajafika hata nusu anakimbilia ndani kichwa kimefunikwa kanga. Bibi anaamka anakuta mchele msafi kama wa supamaketi. Si mjinga bibi, kesho yake kaweka choroko. Kesho kutwa majirani nao wanaleta vya kwao. Yaani vampaya wa miaka 150 kageuzwa mashine ya kuchambua nafaka ya mtaa mzima na wala hawajui kama ni vampaya, wao wanajua ni kijana mwenye adabu asiyepata usingizi.

Sasa kwenye jua ntawaambia kitu, maana hapa ndo wabishi wanakuja, "mbona ule muvi vampaya anatembea mchana". Masharti haya hayakushuka yote siku moja. Kwenye Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, jamaa anatembea mchana kweupe, nguvu zake tu ndo zinapungua. Jua kumuua lilikuja na filamu ya kimya ya Kijerumani, Nosferatu, mwaka 1922. Kwa hiyo una ruhusa ya kuchagua, lakini ukishachagua liandike mahali na usilivunje, maana msomaji wa miaka 14 anakumbuka kuliko wewe. Ukisema sehemu ya pili jua linamuunguza afu sehemu ya tisa unampeleka beach saa saba mchana, watakuanika. Mimi nimechagua jua linaunguza, kwa sababu jua la Tanga mnalijua wenyewe, na kwa sababu nyingine ya kijiografia ambayo naipenda sana: huku karibu na Ikweta usiku ni kama masaa 12 mwaka mzima. Kaskazini ya Ulaya mwezi wa sita usiku ni masaa machache tu, vampaya wa Sweden anaamka, anapiga mswaki, kumekucha! Ndo maana kwenye simulizi yangu mavampaya wa Ulaya wanakuja likizo kwetu kwa wingi, na Sefu anawapangisha kwenye stoo ya Bi Mwanaidi kwa dola.

Shule ni lazima uitumie, hawa ni wanafunzi. Mchakamchaka wa alfajiri kabla jua halijatoka ni wake, prepo ya usiku ni yake, paredi ya saa moja na nusu asubuhi ndo kifo. Bweni zima wanalala ndani ya chandarua chenye dawa, atapita wapi? Na somo la Historia, mwalimu kauliza sababu za vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907, Sefu kaandika alichoambiwa na watu waliotoka huko Umatumbini kwa midomo yao, kurasa sita, na nusu yake kwa herufi za Kiarabu maana ndivyo alivyofundishwa kuandika Kiswahili utotoni. Kapata tatu ya ishirini, "jibu halijafuata notsi". Lugha yake pia ichezee hivyohivyo, mpe Kiswahili cha tenzi, amwite mlinzi wa geti "ewe ghulamu", na kwenye chatting awe anaandika maneno mazima na salamu ndefu wakati wenzie wanaandika "mambo" kwa herufi mbili. Ila usizidishe, mistari miwili mitatu inatosha wakielewa.

Kuna vitu sivigusi tena kwa sababu vimechoka. Vampaya anayeogopa damu, kila mtu ameshaandika. Ngome mlimani na popo na radi, wa nini, kwetu nani ana ngome, labda Fort Jesus na kule wanakata tiketi. Na usimpe jina la kizungu ili aonekane vampaya wa kweli, Edward wa Handeni hachekeshi mtu.

Damu yenyewe unaifanyaje? Wengi wanaipiga chenga kabisa, mimi naona ni bora uitafutie njia ya mjini. Nchi hii damu inapatikana bila kumng'ata mtu. Sefu ana rafiki wa Kimaasai ambaye anachanganya damu ya ng'ombe na maziwa na haelewi kwa nini huyu kijana wa pwani anaona aibu. Akienda Moshi anakuta kisusio kinauzwa, supu imetiwa damu ya mbuzi, watu wanakunywa mchana kweupe na hakuna anayewaita mavampaya, anataka kuhamia hukohuko. Na kuna sehemu ambayo nilifurahia kuiandika kuliko zote, watu wa damu salama wanakuja shuleni kuchangisha, wameleta soda na biskuti, Sefu kajitolea kubeba maboksi. Kila mtu anamsifu kwa moyo wa huduma. Dokta anampima naye kama anafaa kuchangia, presha haisomi, mapigo hakuna, dokta anabadilisha mashine ya tatu.

Sasa punguzeni kucheka kidogo, kuna mawili nayasema bila utani. La kwanza ni rangi. Vampaya wa Ulaya ni mweupe kama karatasi na anakimbia jua. Ukimleta hivyohivyo kwenye simulizi ya Kiswahili, msomaji wako atamuona nani? Atamuona mtu mwenye ualbino, na hapa kwetu watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya upuuzi wa kishirikina. Sefu ni mweusi wa Bagamoyo, midomo tu ndo imepauka, na jua analikimbia kwa mwamvuli na kanga za bibi. Ngozi ya mtu usiifanye dalili ya kitu chochote. La pili ni mumiani. Wazee wetu walitishwa sana na mumiani, enzi za mkoloni kuanzia pwani mpaka Nairobi na Kampala watu waliamini kabisa kwamba wazimamoto na magari yao wanakamata watu kuwatoa damu, na ukiwauliza bibi na babu watakusimulia vizuri, ni hazina hiyo, itumie kama kumbukumbu ya mzee kwenye simulizi, Bi Mwanaidi wangu anaisimulia huku Sefu anajikunyata. Lakini usiandike kwamba manesi wa sehemu fulani inayojulikana au watafiti wa mradi fulani ndo wanyonya damu hata kwa masihara. Malawi mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu wilaya za Mulanje na Phalombe uliua watu, makundi yaliwashambulia waliodhaniwa, mpaka Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake maeneo hayo. Na simulizi ya WhatsApp ikishakatwa kichwa na mkia ikafowadiwa, nani atajua ilikuwa ya kuchekesha?

Kuhusu mapenzi, watakuomba, na mimi najua wanayataka. Lakini fikiria, babu wa miaka 150 anamtongoza binti wa form two, hiyo sio romansi, hiyo ni kesi. Mimi nimemfanya Sefu awe kila akipendwa anamuona yule binti kama kitukuu anaanza kumuuliza ukoo wake, na kwa bahati mbaya kwake kila mara anaugundua anaujua. "Wewe si wa kwa Mzee Kombo wa Kaole? Babu yako mkubwa ana deni langu la rupia nne." Mapenzi yanaishia hapo na madogo wanacheka, na wazazi wakishika simu hawana la kulalamika.

Sehemu ziwe fupi. Zisizidi zile ambazo mtu anamaliza kwenye daladala kabla hajashuka, na "itaendelea" uiweke pale mtu anapofungua mdomo kujibu, sio pale anaposhikwa kisu shingoni kila siku, hizo za visu wamezizoea. Kabla hujatuma isome kwa sauti, au jirekodi voice note ujisikilize, mstari ambao mwenyewe unauruka ukiwa unasoma futa.

Saa hizi nimekwama kwenye safari ya shule, form two wote wanaenda kuona magofu ya Kaole kule Bagamoyo, basi linaondoka saa nne asubuhi, na Sefu ndo mtu pekee anayewajua waliozikwa pale kwa majina kwa hiyo lazima afike. Nimefikiria buti la basi, nimefikiria aende kwenye kontena la vyakula katikati ya masufuria, ila mpishi kashajaza kitunguu saumu humo. Mwenye wazo aniambie.