Joto Kwanza, Mwendo Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Siku ya Sakiti

Barua za safari hii karibu zote zinahusu siku za wazi za sakiti. Mwenye gari analipa ada, anasikiliza maelezo ya asubuhi, kisha anaingia kwenye njia ya mbio kuendesha kwa mwendo asioweza kuuthubutu barabarani. Hakuna kushindana, hakuna kombe. Breki zimekula nafasi kubwa kwenye majibu yangu, nami nimeziruhusu.

Gari langu ni la spoti kwelikweli, nguvu za farasi zinapita 300. Kuna haja ya kulifanyia chochote, au linatosha lilivyotoka kiwandani?

Injini inatosha, tena inazidi. Usiiguse. Fedha uliyotenga kwa ajili ya kuongeza nguvu, ipeleke kwenye breki.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,400 likishushwa mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, breki zake zinameza nishati ya megajuli 1.8 hivi. Joto hilo lingechemsha sufuria ya lita 5 za maji, na limezalishwa kwa sekunde chache, kwenye kona moja. Kabla halijapoa, kona nyingine imefika. Barabarani unaweza kumaliza mwaka mzima bila kukanyaga breki namna hiyo. Sakitini utafanya hivyo kila mzunguko. Tena nishati hukua kwa mraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, joto ni mara nne. Ndiyo sababu gari lenye nguvu nyingi huchosha breki zake mapema kuliko gari dogo jepesi.

Anza na mafuta ya breki. Hufyonza unyevu wa hewani, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyochemka mapema. Kwa DOT 4, mojawapo ya madaraja ya mafuta hayo, kiwango cha chini kinachotakiwa ni kuchemka kwa nyuzi 230 yakiwa mapya. Yakishanyonya maji, kiwango kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa hiyo mafuta ya kawaida yaliyowekwa juzi yanaweza kukufaa kuliko ya bei mbaya yaliyokaa garini miaka mitatu. Yabadilishe yote siku chache kabla, na hewa itolewe kwenye mirija ya breki ya kila gurudumu. Jihadhari na DOT 5 tupu, isiyo na ile nukta moja mbele yake: hiyo ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine, wala haifai kwenye gari lililoundwa kwa DOT 4.

Halafu pedi. Pedi za kiwandani zimetengenezwa zishike vizuri zikiwa baridi, mtu anapotoka nyumbani asubuhi. Zikipita joto lake, gundi inayoshikilia mchanganyiko wake hutoa gesi, nayo gesi hukaa kati ya pedi na diski. Zipo pedi zinazostahimili joto zaidi na bado zinafaa barabarani. Kwa siku ya kwanza hizo zinatosha kabisa. Zisiwe zimelika kupita nusu, maana unene uliobaki ndio unaozuia joto lisifike kwenye pistoni na mafuta. Kama ni mpya, zizoeshe kwanza kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Asubuhi ya siku yenyewe si wakati wake.

Nikiwa kwenye mwendo, nitajuaje kwamba breki zimeanza kuchoka?

Mguu wako utajua kabla ya macho. Pedali ikizama, ikawa laini, mafuta yamechemka: mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, basi nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu. Pedali ikiwa ngumu kama siku zote lakini gari haliko tayari kusimama, hapo ni pedi zilizopata joto kupita kiasi. Dalili ya kwanza inatisha zaidi kwa sababu inaweza kuja ghafla. Ikikukuta, pampu pedali haraka haraka, shusha gia, na ukubali kutoka nje ya njia ukiwa umenyoosha usukani kuliko kulazimisha kona.

Usingoje hali ifike huko. Ukihisi pedali imeanza kwenda chini zaidi ya ilivyokuwa, punguza hapo hapo. Zunguka taratibu mzunguko mmoja mzima ukigusa breki kidogo iwezekanavyo, upepo ufanye kazi yake, ndipo uingie piti, pale kando ya njia magari yanaposimama. Ukisimama usivute handbreki. Liache gari kwenye gia na uweke kizuizi kwenye gurudumu. Na kama mafuta yalichemka, usirudi njiani hata kama pedali imekuwa ngumu tena baada ya kupoa, mpaka hewa itolewe.

Mzunguko wa kupoza ndio wageni wengi wanaouruka, kwa kuwa wanataka ule wa mwisho uwe wa kasi kuliko yote. Nawaomba sana msifanye hivyo. Breki zenye joto kali zikisimamishwa ghafla hazipati upepo tena, na joto lote linarudi ndani kwenye mafuta.

Oili na petroli nijaze kiasi gani?

Oili ifike alama ya juu ya kijiti, isipite. Kona ndefu ya kasi huisukuma oili upande mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, na ikiwa ni pungufu pampu itavuta hewa. Sekunde chache za namna hiyo zinatosha kuua beringi. Ipime kila unapotoka njiani. Petroli nayo husukumwa vivyo hivyo. Gari likianza kukatakata kwenye kona, mara nyingi tanki limeshuka sana. Mimi singeliacha lipungue chini ya nusu.

Nimeambiwa nipunguze upepo wa matairi kabla ya kuingia. Kwa kiasi gani?

Aliyekuambia hakukosea, ila usianze kwa kukisia. Kwa matairi ya kawaida ya gari dogo, joto la hewa iliyo ndani likipanda nyuzi 10, upepo huongezeka kwa baa 0.1 hivi, yaani kama psi 1.5. Tairi likitoka nyuzi 20 likafika 70, umepata psi 7 ambazo hukuzitia wewe. Tairi lililojaa hivyo linakanyaga kwa katikati tu, na gari linaanza kuteleza ukidhani kosa ni la mikono yako.

Anza na upepo ulioandikwa na mtengenezaji. Endesha kipindi kifupi, toka, upime papo hapo yakiwa bado ya moto, kisha toa kidogo kidogo. Andika namba za kila tairi kwenye karatasi. Sakiti inayozungukwa kwa mwelekeo wa saa ina kona nyingi za kulia, kwa hiyo matairi ya kushoto hubeba mzigo mkubwa na hupata joto zaidi. Usishangae pande mbili zikisoma tofauti. Tairi lililoanza na upepo mdogo mno likiwa baridi huyumba kwenye mizunguko ya kwanza, ndiyo maana sipendi kupunguza sana tangu asubuhi.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na zirudiwe gurudumu likishapoa.

Nimenunua mikanda ya pointi 4 kama ya madereva wa mbio. Fundi anasema ataifunga kwenye kiti changu cha kawaida kwa nusu saa tu.

Mwambie asubiri, tafadhali. Mkanda wa kiwandani, kiti chake na mfuko wa hewa vilisanifiwa vifanye kazi pamoja. Mikanda mingi ya pointi 4 haina kamba ya kupita katikati ya mapaja. Mabega yakivutwa, mkanda wa kiunoni hupanda tumboni na mwili unaweza kuchomoka kwa chini. Gari likipinduka nayo paa likabonyea, mkanda wa kawaida unaruhusu mwili uiname pembeni. Wa pointi 4 umekushikilia wima, na kichwa hakina pa kwenda.

Kuna jambo kubwa zaidi. Mabega yakifungwa barabara, kwenye kishindo kiwiliwili kinabaki, kichwa kikiwa na uzito wa helmeti kinaendelea mbele, na shingo ndiyo inayolipa. Dale Earnhardt, bingwa wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, alifariki kwenye sakiti ya Daytona Februari 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu. Kifaa cha kuzuia jeraha hilo kwa kushikilia helmeti, HANS, kilikuwapo tayari: Robert Hubbard, profesa wa Marekani, alikibuni miaka ya 1980 akishirikiana na dereva Jim Downing, shemeji yake. Madereva wengi walikikataa kwa kuwa hakikuwa na raha. Formula 1 ilikilazimisha mwaka 2003.

Basi mikanda hiyo hufungwa pamoja na kiti chenye matundu yake, fremu ya kulinda paa, na HANS. Kama kimojawapo hakipo, funga mkanda uliokuja na gari, na ukae vizuri: mgongo wote umeegemea, na ukinyoosha mkono kifundo kiguse juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Kuhusu helmeti, waulize waandaaji wanakubali alama gani. Za Snell, shirika la kupima helmeti, zenye herufi SA zimepimwa kwa moto pia. Zenye M ni za pikipiki.

Nizime mfumo wa kuzuia gari lisiteleze?

Hapana. Kila taa yake inapowaka kwenye dashibodi inakuonyesha pahali ulipokuwa na pupa ya usukani au ya kukanyaga mafuta. Ukimaliza siku nzima bila kuiona, hapo zungumza na mwalimu.

Ninaogopa kupitwa. Nikiona gari la kasi nyuma yangu natetemeka.

Hofu hiyo dada, hata wenye uzoefu walianza nayo, na dawa yake ni kujua utaratibu. Siku hizi za wazi, kupita huruhusiwa sehemu zilizotajwa asubuhi tu, kwa wageni huwa ni kwenye nyoofu, yaani sehemu za njia zisizo na kona, na mara nyingi mpaka wewe utoe ishara. Yaani mwenye uamuzi ni wewe. Ukifika kwenye nyoofu, onyesha ishara ya upande apite, shika mstari wako, legeza mafuta kidogo. Usihame ghafla kumpisha; anayekuja amepanga njia yake kwa kukutegemea ubaki ulipo. Na ndani ya kona usijaribu kumsaidia mtu yeyote, endesha kona yako.

Taratibu hutofautiana. Nürburgring Nordschleife ya Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.8, siku zinazofunguliwa kwa wananchi inahesabiwa kuwa barabara ya kulipia: sheria za barabarani zinatumika, na kupita ni kwa kushoto tu.

Bendera zijue kabla ya kuwasha gari. Ya buluu, yuko wa kasi nyuma yako. Njano, kuna hatari mbele, punguza na usipite mtu. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa: tazama kioo kwanza, punguza kwa utaratibu, rudi piti. Nyeusi ukionyeshwa wewe, ingia piti ukazungumze nao. Huenda gari lako linamwaga oili na hujui.

Nina miaka 63 na nimejinunulia gari nililolitamani tangu ujana. Nimechelewa?

Shikamoo mzee wangu. Hujachelewa hata kidogo, na barua yako imenifurahisha kuliko zote.

Chukua mwalimu kwa vipindi viwili vya kwanza. Atakufundisha jambo ambalo halihitaji misuli, yaani macho. Mkono hufuata jicho. Ukitazama ukingo, utakwenda ukingoni. Ukiwa bado unafunga breki, macho yawe yamekwisha ingia ndani ya kona, na ukifika ndani yatafute pa kutokea. Funga breki gari likiwa limenyooka, achia pedali polepole, chelewa kidogo kukata kona, na mafuta yaje usukani unapofunguka. Jackie Stewart, bingwa wa dunia wa 1969, 1971 na 1973, alisifika kwa ulaini wa mikono na miguu. Watu wa umri wako mara nyingi wanao ulaini huo tayari, vijana ndio wanaofundishwa.

Kunywa maji kila ukitoka. Ukiona umekosea kona mbili mfululizo, ubongo umechoka. Kaa kivulini kipindi kimoja.

Bima yangu kubwa itanilipa nikigonga?

Kwa kawaida hapana. Bima nyingi za barabarani huitaja sakiti kama sehemu zisiyohusika nayo. Soma mkataba wenyewe, usimtegemee wakala kwa simu. Kuna bima za siku moja, lakini uliza kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe, na kama uharibifu wa vizuizi vya sakiti umo. Vizuizi hivyo sakiti nyingi humtoza aliyevigonga.

Nipime muda wa mizunguko yangu?

Siku ya kwanza usipime. Waandaaji wengi wanakataza, nami naungana nao.

Nikimaliza, naweza kurudi nyumbani na gari hilo hilo?

Ndiyo, likishapoa. Rudisha upepo wa matairi kama ilivyokuwa, pitisha kiganja kwenye mabega yake kutafuta mpira uliochanika, chungulia unene wa pedi kupitia ringi, kaza nati, pima oili. Kanyaga breki mara kadhaa ukiwa bado umesimama. Pedali ikiwa laini, gari lipakiwe. Barabarani tazama spidomita, maana kilomita 100 kwa saa zitaonekana kama unatembea.