Damu 9.4 na jagi la rozela

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma. Mimba ina miezi mitano, kliniki wamekupima wingi wa damu wakakuta 9.4 na wamekupa vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Mkweo naye anakuletea jagi la rozela na bitruti kila asubuhi, na jirani kakwambia vidonge vinamkuza mtoto hadi ashindwe kupita. Unauliza kama unaweza kuacha vidonge ukabaki na juisi.

Usiviache. Mpaka unaotumika sana kwa wajawazito ni 11, wewe uko chini yake kwa mbali.

Wekundu wa bitruti ni rangi inayoitwa betalaini, na wa rozela ni anthosiyanini. Rangi hizo hazina chuma. Gramu 100 za bitruti zina chuma kisichofika miligramu 1, wakati kidonge kimoja cha kliniki kwa kawaida kina miligramu 60 hivi. Piga hesabu: ungehitaji zaidi ya kilo 6 za bitruti kwa siku, na hapo chuma cha mimea mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Mkojo ukitoka mwekundu baada ya kunywa, ni rangi ile ile inapita, si damu iliyozidi.

Mbona basi wanawake wengi wanaapa kwamba juisi iliwapandisha? Wengi walikuwa wanameza na vidonge, sifa ikaenda kwenye jagi. Halafu kuna mimba yenyewe. Katikati ya ujauzito maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kipimo hushuka. Miezi ya mwisho mara nyingi hupanda kidogo chenyewe. Aliyeanza rozela mwezi wa sita akapimwa tena wa tisa anaweza kuona namba imepanda hata angekuwa anakunywa maji matupu.

Hilo la jirani ndilo linaloniudhi, maana linawatoa watu kwenye dawa. Chuma hakimfanyi mtoto jitu. Kinachohusiana na mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi ni sukari ya mama kuwa juu, na sijui jagi hilo limetiwa vijiko vingapi. Upungufu wa damu ndio unaohusishwa na njiti na watoto wenye uzito mdogo, na mama mwenye damu kidogo akivuja wakati wa kujifungua hana akiba.

Sasa umezaji, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kidonge hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Meza kwa maji au juisi ya chungwa. Usikimeze na chai, kahawa, maziwa wala dawa ya kiungulia. Chai peke yake inaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma kinachofyonzwa. Kikikuletea kichefuchefu, kimeze usiku unapokwenda kulala, na kipande cha mkate au ndizi. Utapoteza kidogo, lakini ni afadhali kuliko kukitupa. Choo kitakuwa cheusi na pengine kigumu. Weusi huo ni wa kawaida. Kwa ugumu ongeza maji, papai na mboga. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake.

Mwulize mkunga kama dozi yako ni ya kinga au ya tiba, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 120 za chuma kwa siku kwa mjamzito aliyekwisha kupungukiwa, hadi arudi kawaida. Usijiongezee mwenyewe. Na vidonge viweke juu kabisa: huyo mtoto wa miaka miwili akidhani ni pipi akala vingi, chuma kinaweza kumuua.

Kwa chakula, nyama, samaki na dagaa wana chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha mchicha. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, kisha wakati wa kula kamulia limau. Chai isubiri saa moja au mbili. Maini yana chuma kingi, ila pia vitamini A nyingi mno: gramu 100 za ini la ng'ombe hupita kikomo cha siku cha mjamzito, mikrogramu 3,000. Usiyageuze dawa ya kila siku. Na kama unatafuna udongo, useme kliniki. Hamu hiyo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe, na udongo huweza kuleta minyoo na kuzuia chuma.

Baada ya wiki nne upimwe tena, hapo hapo ulipopimwa. Ikiwa umemeza sawasawa na namba haijapanda hata kwa 1, omba wachunguze malaria, minyoo na selimundu. Ukianza kuhema hata umekaa, au moyo kwenda mbio, usisubiri tarehe ya kliniki.

Jagi la mkweo usilikatae, mwombe tu apunguze sukari, nawe unywe mbali na saa ya kidonge. Msalimie sana.

Mama yako